Baiskeli Yenye Alama Mbili

Ilinipasa kukataa. Asubuhi ile kaka yangu alipoweka chuma cha kupigia mifugo alama mbele ya kibanda changu cha kutengenezea baiskeli hapa Lodwar, akasema kwamba kitu kilichoingia nyumbani lazima kivae alama ya nyumba, nilikuwa na sababu zote za kusema hapana. Nilikuwa fundi. Nilijua chuma. Nilikuwa nimeonywa na mtu aliyenipa ile baiskeli, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Nikasema sawa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mashindano, ya chuma, kutoka Italia. Ilikuwa ya kijivu kama njiwa, na nyepesi kiasi kwamba uliinyanyua kwa vidole viwili. Tairi zake zilikuwa nyembamba, na usukani ulipinda chini kama pembe za kondoo dume. Haikuwa na mahali pa kubebea kitu. Mara ya kwanza watu wa mji huu walipoiona, mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa alisema ni baiskeli iliyokonda kwa njaa.

Aliyeileta alikuwa bruda wa misheni, mtawa Mwitaliano. Nilipomaliza kidato cha nne bila matokeo ya kunipeleka mbele, ndiye aliyenichukua katika karakana ya misheni na kunifundisha kazi. Tulitengeneza pampu za visima, magari, vitanda vya zahanati, chochote kilichovunjika. Alfajiri, kabla ya jua kupata makali, bruda alikuwa akivaa kaptura ya kubana na kuipanda ile baiskeli kwenye njia ya Kalokol, ameinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Wachuuzi waliokuwa wakileta samaki mjini walikuwa wakimpigia kelele.

"Bruda, nani anakufukuza?"

"Tumbo yangu," alikuwa akijibu.

Alikuwa mtoto wa fundi. Kwao ni mji mdogo chini ya milima, na babu yake alikuwa akitengeneza kengele za ng'ombe. Wafugaji wa huko hupandisha mifugo milimani wakati wa joto na kuishusha baridi inapokuja, na kila ng'ombe huvaa kengele yake. Baadaye watu walianza kutaka magurudumu kuliko kengele, na baba yake akaanza kuunda baiskeli katika chumba kile kile, kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu zile zile, kwa tupa zile zile za baba yake. Hakuwa na wafanyakazi. Alikuwa akipima mguu wa mtu kwa kamba, kisha anamwambia arudi baada ya mavuno ya zabibu. Kila kiungo kilichoshika mabomba mawili alikisugua kwa tupa hadi ukingo wake ukawa mwembamba kama ukucha, na katika kila kiungo alitoboa umbo la kengele ndogo. Hakuandika jina lake popote. Bruda aliniambia baba yake alikuwa akisema: ng'ombe akipotea, kengele yake ndiyo inayomwita mwenyewe.

Hii ilikuwa ya mwisho kutoka mikononi mwa yule mzee. Aliiunda macho yake yakiwa yameanza kufifia, na kengele ya kiungo kimoja, kile cha chini ya kiti, ilitoka kombo. Bruda aliipenda hiyo kengele kombo kuliko nyingine zote. Alikuwa akiigusa kwa kidole gumba kabla ya kupanda, kama watu wengine wanavyogusa maji ya baraka.

Alipozeeka na kuitwa arudi kwao, aliniita karakanani, akaigeuza baiskeli magurudumu juu, akanionyesha.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Mwiba, sawa, utaziba. Mchanga, utaosha. Kutu, utapaka mafuta. Lakini moto, hapana. Hii bomba ni kama mfupa ya mguu ya mbuzi. Huku mwisho nene, huku mwisho nene, hapa katikati nyembamba kabisa. Baba yangu aliweka shaba kwenye mwisho tu, na moto kidogo. Ukiweka moto ya umeme hapa katikati, umeua."

Nilikuwa nimekula naye mifupa ya mbuzi miaka mingi. Nilielewa.

"Nikikupigia simu, nitauliza kengele inalia," alisema. "Wewe utajibu inalia."

Hivyo ndivyo ilivyoingia kwangu. Niliitundika kwenye ukuta wa kibanda na kuipanda Jumapili tu, kwenda kanisani, polepole, nikikwepa miiba ya mathenge.

Sasa kaka yangu. Baba yetu alikuwa na watoto wa kiume wawili, akapeleka mmoja shuleni na mmoja kwa mbuzi. Hakutuuliza. Mimi ndiye niliyekwenda shule kwa sababu nilikuwa mdogo na sikuwa na faida kubwa malishoni. Kaka alibaki. Mbuzi waliouzwa ili nisome walikuwa mbuzi aliowachunga yeye, aliowajua kwa rangi na kwa tabia, na kila muhula alikuwa akichagua mmoja na kumpeleka sokoni kwa mkono wake. Hakuwahi kulalamika. Hakuwahi kuniomba chochote. Alikuwa akija mjini kutoka huko kando ya mto Turkwel, anaacha fimbo na kigoda chake kibandani kwangu, anafanya mambo yake, anarudi tunakunywa chai, anaondoka.

Siku aliyoiona baiskeli, aliizunguka kimya kama mtu anayezunguka dume sokoni.

"Nani aliipinda pembe?" akauliza.

"Imetengenezwa hivyo."

"Alifanya vizuri. Zimelingana." Kwetu mtu akipenda dume lake humpinda pembe tangu akiwa ndama, kwa hiyo hayo hayakuwa mazungumzo ya mzaha. Aliinama, akaona kengele kwenye viungo. Nikamwambia habari za babu wa bruda na ng'ombe wa milimani.

"Kumbe ni watu wa mifugo," alisema, na uso wake ukafunguka. "Hawa ni watu kama sisi. Na yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Alama. Hii ni ya nyumba yao. Ya nyumba yetu iko wapi?"

Kila ukoo wa Turkana una alama yake ya kuchoma kwenye ngozi ya mifugo, tunaiita emachar, na neno hilo hilo ndilo jina la ukoo wenyewe. Mnyama akitolewa zawadi, alama ya zamani haifutwi. Ya nyumba mpya inachomwa kando yake, ili kila anayemwona ajue alikotoka na aliko. Mnyama asiye na alama ya nyumba anamolala ni mnyama wa wizi au ni mgeni anayengoja kuondoka.

"Una nyumba ya mabati hapa," kaka akasema. "Una mashine. Una kiti chako kanisani. Hakuna hata kimoja chenye alama ya baba. Mimi sijasema kitu. Lakini hii ni mnyama. Wiki ijayo nitaleta chuma."

Akaleta. Aliwasha makaa mwenyewe nyuma ya kibanda, akaweka chuma hadi kikawa chekundu, akachagua mahali. Alichagua ubavu, katikati ya bomba kubwa la chini, kwa sababu ndipo jicho linapoangukia. Nilisimama nimeishika baiskeli kwa pembe zake kama ninavyomshika ndama. Rangi ilichemka na kutoa moshi mbaya. Chuma kilipoondolewa, kaka alipitisha kidole gumba, na ile alama ikatoka kama masizi.

"Imeshika ngozi," alisema. "Haijashika nyama."

Akatazama ndani ya kibanda, kwenye mashine yangu ya kuchomelea.

"Na ule moto wako wa umeme?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimelirudia jambo hili mara nyingi na sioni kwamba lilikuwa gumu. Ningesema: kaka, bomba hili ni jembamba. Lakini nilimwona amesimama pale na jasho la makaa usoni, mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu, na nikawaza jinsi itakavyosikika. Ingesikika kama ninasema neno la mzungu ni zito kuliko la nyumba yetu. Ingesikika kama ninamwambia mchungaji kwamba hajui, na mimi, niliyesomeshwa kwa mbuzi wake, najua.

Nikavaa miwani. Nilichagua waya wa kuchomelea ulio mwembamba kuliko zote, nikapunguza umeme, nikaichora alama ya nyumba yetu kwa moto kwenye ubavu wa baiskeli. Mahali pamoja bomba lilitoboka. Tundu lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nililijaza, nikasugua kwa tupa, nikapaka rangi ya kijivu iliyokaribiana na ile ya kwanza. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akiimba taratibu, wimbo wa kumsifu dume, midomo karibu imefungwa. Hakuliona tundu. Nililiona mimi.

"Sasa hata ikifika Uganda, itajulikana," alisema, akakipiga kiti kofi kama unavyopiga kiuno cha ng'ombe.

Nilijituliza. Nilijiambia kwamba mimi ni mzee, kanisani ni karibu, na mzigo wangu ni mifupa tu. Huenda ingekuwa hivyo, kama si binti wa kaka.

Huyo alikuwa mtoto wa kaka yangu lakini nilimlea mimi, kwa kuwa alikuja kwangu mdogo ili asome mjini. Ananiita baba mdogo. Alisoma, akaenda chuo, akawa mwalimu, akapata kazi katika shule moja ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Likizo moja alirudi, akaiona baiskeli ukutani.

"Baba mdogo, hii kitu inalala tu kama mgonjwa."

"Iache ilale."

"Nipe niende nayo Kakuma. Lami imefika, na jioni sina kazi."

"Hiyo si ya kuchezea."

Aliiteremsha ukutani hata hivyo, akaizungusha, akaona alama. Alicheka hadi akakaa chini. "Umeipiga emachar! Hii ni ya baba. Basi ni yangu kuliko yako. Mimi ndiye wa nyumba yake."

Kumkatalia kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu, na kuisema kungefika kwa baba yake kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nikampa baiskeli, na badala ya ukweli nikampa masharti. Asipite kwenye mashimo. Asibebe mtu.

"Nitambeba wapi?" alisema. "Hicho kiti hata mimi mwenyewe hakinitoshi."

Aliondoka nayo juu ya gari la mizigo, imefungwa kati ya magunia ya unga.

Nilimtembelea Kakuma baada ya miezi kadhaa. Alikuwa amebadilika. Miguu ilikuwa imekaza, uso umekuwa mweusi zaidi kwa jua, na kulikuwa na namna mpya ya kusimama, kama mtu anayejua anaweza kuondoka wakati wowote. Jioni alinipeleka barabarani. Kulikuwa na vijana waliokuwa wakikutana pale na baiskeli za kila aina, wengi wao kutoka Sudan Kusini, warefu, magoti yakipita usukani, na Wakongo wawili waliokuwa wakizozana kwa Kiswahili chao kuhusu cheni.

"Madam, leo na hiyo chuma ya kitambo tena?" kijana mmoja wa Sudan Kusini akamwambia. "Tutakungoja mbele na chai."

"Wiki jana ulisema hivyo hivyo," binti akajibu. "Chai ilikuwa baridi nilipokungoja."

Wenzake walimcheka yule kijana na kumsukuma. Wakaondoka. Nilisimama kando ya lami na wazee wengine na wanawake waliokuwa wakiuza maandazi, na waliporudi, yeye ndiye aliyekuwa mbele, ameinama kama bruda alivyokuwa akiinama, mgongo umetulia, miguu tu ndiyo inayofanya kazi. Ile baiskeli ilipita bila sauti isipokuwa mlio mwembamba wa tairi. Ilikuwa imeundwa kwa ajili ya jambo lile. Nilikuwa nimeitundika ukutani miaka yote hiyo na sikuwahi kuiona.

Aliponisogelea akitweta, nilishika fremu kana kwamba ninaikagua vumbi. Nilipitisha kidole kwenye alama. Kando yake, mahali nilipojaza lile tundu, kulikuwa na mstari mwembamba kwenye rangi, kama unywele uliolowa. Fundi yeyote angechukua wembe, akakwangua rangi pale pale, akaangalia kama mstari unaendelea ndani ya chuma. Wembe ulikuwa mfukoni mwangu. Ninatembea nao siku zote.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Rangi imepasuka," nikasema. "Nitakuletea nyingine."

Sikuikwangua.

Ilivunjika kabla sijarudi na rangi. Binti na wale vijana walikuwa wakirudi kutoka upande wa Lodwar, kwenye mteremko wa kushukia laga, ule mto mkavu wa mchanga, siku ya mapumziko, jua likiwa bado juu. Yule kijana wa Sudan Kusini ndiye aliyenipigia simu, na ndiye niliyemkuta nje ya wadi, shati lake limekauka damu isiyokuwa yake.

"Mzee, alikuwa mbele," alisema. "Sisi tunampigia kelele, madam punguza, tunacheka. Halafu chuma ikalia mara moja tu, ting. Baiskeli ikawa mbili. Gurudumu ya mbele ilienda peke yake. Tulimbeba kwa mlango ya gari."

Nyonga ilikuwa imevunjika, na mfupa wa paja. Madaktari walimfunga, wakamhamisha, wakampasua, wakamfunga tena. Aliishi. Mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na goti halikunji tena vizuri.

Kaka alifika hospitali kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu hakutaka kungoja gari. Aliweka kigoda chake nje ya wadi chini ya ukuta, akakaa hapo mchana kutwa, siku baada ya siku, akiingia tu saa walizomruhusu. Watu waliokuja kumpa pole walilaumu barabara. Hapo zamani, walisema, njia ilikuwa mbovu na hakuna aliyekimbia. Sasa lami inakula watoto. Kaka alikubaliana nao. Mimi pia nilitikisa kichwa.

Siku moja alinishika mkono. "Usijisumbue moyo, mdogo wangu," alisema. "Ulimpa mnyama mzuri. Mnyama mzuri pia huanguka."

Nilimwacha aniliwaze. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo ambalo hadi leo silitaji kwa urahisi.

Vile vipande vya baiskeli niliviweka kibandani, nimevifunika gunia. Bomba lilikuwa limekatika katikati ya alama ya nyumba yetu, safi, kama muwa, na pale pa lile tundu chuma kilikuwa na weusi wa zamani. Ufa ulikuwa umeanza siku nyingi. Ulikuwepo siku ile Kakuma, chini ya kidole changu.

Krismasi bruda alipiga simu, kama anavyofanya kila mwaka. Sauti yake sasa ni ya mzee kuliko mimi, na Kiswahili kimeanza kumtoka.

"Kengele inalia?" aliuliza.

"Hailii," nikasema. Kisha nikamwambia yote, tangu chuma cha kaka hadi mteremko wa laga. Hakunikatiza. Nilipomaliza, hakuuliza baiskeli kwanza.

"Msichana anatembea?"

"Anatembea. Kwa fimbo."

"Na baiskeli ya kengele kombo, imekufa?"

"Ndiyo. Imekufa."

Aliniambia kwamba karakana ya baba yake iliuzwa, sasa hapo watu wananyolewa nywele, na tupa za babu hajui alizichukua nani. Hakukuwa na mtoto mwingine aliyeshika kazi. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma majina ya marehemu.

"Na baba ya msichana anajua?" akauliza.

"Hapana."

"Basi wewe umeambia mtu si yeye," alisema. "Mimi nimepoteza chuma. Nenda kwa yule."

Nilikwenda baada ya sikukuu. Gari la wakulima wanaorudi Katilu lilinishusha njiani, nikatembea kwenye mchanga kuelekea mtoni, kipande cha bomba kikiwa kwenye mfuko begani. Kaka alikuwa kwenye kivuli, akisuka kamba. Tulisalimiana vizuri. Aliuliza habari za mjini, mimi nikauliza habari za mbuzi. Kisha nikatoa bomba na kumpa.

Aliligeuza mkononi. Anajua kusoma jeraha. Ameona mifupa mingi. Kidole chake kilifuata alama hadi mahali ilipokatika, kikasimama kwenye ule weusi.

"Ilianzia hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Kwenye moto wetu."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile?"

"Kabla ya siku ile. Aliyenipa alinikataza moto. Bomba ni jembamba katikati."

Aliweka kamba chini. Akawatazama mbuzi waliokuwa wakipapasa maganda ya mgunga, na nilipotaka kuongeza neno aliinua mkono.

"Mnyama mgonjwa hatumpigi alama," alisema. "Mwenye mimba hatumpigi. Aliyekonda kwa kiangazi hatumpigi. Tunamfunga ngozi shingoni na kungoja, na ngozi ni alama vile vile. Hilo unalijua, ulizaliwa hapa. Ungesema tu: huyu ni mwembamba. Nilikuwa na ngozi kiunoni siku ile. Ningekata pale pale, nikafunga, nikanywa chai yako, nikaenda."

"Niliogopa utadhani nimemchagua mzungu juu yako."

"Nilikuja kwa fundi," alisema. "Kijiji kizima nimewaambia mdogo wangu ni fundi. Mbuzi wangu walienda kwa hiyo, ili siku moja nikikosea, awepo mtu nyumbani wa kuniambia. Ulinitazama nikikosea, ukanyamaza. Halafu ukamweka mtoto wangu juu yake."

Hakupandisha sauti. Alisema jambo moja tu baada ya hapo.

"Ulinifanya nimchome mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Alisimama, akanijazia maji kwenye chupa kwa ajili ya safari. Ni desturi, hata mpita njia asiyejulikana hupewa. Bomba alibaki nalo. Sijui amelifanyia nini.

Nilimweleza binti mwenyewe baadaye, Kakuma, nje ya darasa lake. Alisikiliza ameegemea fimbo. Alisema alishakisia tangu nilipogusa ile rangi, kwa sababu sikumtazama usoni. Akasema amenisamehe. Kisha akasema: "Lakini baba mdogo, usinitume kwa baba kukuombea msamaha. Hilo sitalibeba." Bado anafundisha. Vijana bado hukutana barabarani jioni, na wakipita shule humpigia kelele, madam, chai. Yeye huwapungia mkono. Hapandi tena.

Kaka angali hai. Huja mjini siku za soko la mbuzi kama zamani. Fimbo na kigoda chake sasa anaviacha kwa Msomali anayeuza vitambaa, duka la tatu kutoka kwangu, na chai anakunywa huko. Akipita mbele ya kibanda huniambia "Ejoka," nami hujibu "Ejok," kwa sababu salamu hanyimwi mtu yeyote, na anaendelea na njia yake bila kupunguza mwendo.

Nilikubali asubuhi ile ili nisimuudhi kaka yangu. Binti yake ana mguu mfupi, kazi ya mwisho ya mzee wa kengele imekatika vipande viwili, na mimi sina kaka.